Mvua Isiyonyesha: Picha za Vimondo na Uaminifu wa Mkusanyaji

Kila ifikapo katikati ya mwezi wa Desemba, picha ya aina moja huanza kuzagaa katika simu zetu. Huwa ni picha ya anga ya usiku. Chini yake pana mlima au mgunga uliosimama pekee, na juu yake michirizi ya mwanga thelathini au arobaini, yote ikimwagika kwa pamoja kama cheche za mhunzi. Maelezo yake huwa mafupi: mvua ya vimondo. Watu huistaajabia, huwatumia wenzao, na baadhi yao hutoka nje usiku uo huo. Hukodoa macho kwa dakika kumi, huona kimondo kimoja au wasione chochote, kisha hurudi kulala wakiwa wameshawishika kwamba wanasayansi ni waongo kama watu wengine.

Makala haya yananuia kudai mambo mawili. Kwanza, tukio linaloonyeshwa na picha hiyo halijawahi kuonwa na jicho la mtu yeyote, hata la aliyeipiga. Pili, sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna la kusema kuhusu picha hizo, na huenda letu likawa na uzito kuliko la mwanafizikia, kwa sababu mzozo uliomo ndani yake ni mzozo wetu wa siku nyingi: je, ni halali kukusanya vipande vya nyakati mbalimbali na kuviwasilisha kama kitu kimoja? Anayedhani kuwa hilo ni suala la kamera tu hajawahi kuhariri ngano.

Tuanze na jambo lenyewe, kwa kuwa si busara kuhukumu picha ya kitu usichokijua. Vimondo vya Desemba huonekana kana kwamba vinatoka katika kundi la nyota ambalo wanajimu wa pwani yetu, wakihesabu buruji kumi na mbili kuanzia Hamali, huliita Jauza, na ambalo wengi wetu leo huliita Mapacha. Kwa hiyo nitaviita vimondo vya Jauza. Chanzo chake ni jiwe la angani liitwalo Phaethon, lililogunduliwa mwaka 1983 kwa msaada wa setilaiti ya IRAS. Jiwe hilo hulizunguka jua kwa muda wa siku 524 hivi, na katika njia yake limeacha utepe wa vumbi na changarawe. Manyunyu mengi ya vimondo hutokana na nyota zenye mkia, ambazo kwa kiasi kikubwa ni barafu. Haya ya Jauza ni ya ajabu kidogo kwa kuwa mama yao ni mwamba. Kila Desemba dunia hukatiza utepe huo, na kilele chake huwa usiku wa tarehe 13 kuamkia tarehe 14. Chembe zake, nyingi zikiwa na ukubwa wa punje ya mchanga na chache zikilingana na kokoto, huingia katika angahewa kwa kasi ya kilomita 35 kwa sekunde, nazo huwaka zikiwa bado kilomita 100 hivi juu yetu.

Vitabu vya falaki husema kwamba usiku wa kilele mtu anaweza kuona vimondo 120 hadi 150 kwa saa. Idadi hiyo ni ya hali kamilifu: anga iwe nyeusi tititi, pasiwe na wingu, na kitovu cha vimondo kiwe utosini. Hapa Kenya, tulio juu ya ikweta, kitovu hicho huchomoza upande wa kaskazini-mashariki mnamo saa mbili na nusu usiku, hufika juu kabisa mnamo saa nane na nusu, na hata hapo huwa kimeinama upande wa kaskazini, nyuzi 57 hivi kutoka kwenye upeo wa macho. Mahali penye giza la kweli, mtazamaji mwenye subira ataona wastani wa kimondo kimoja kwa dakika, pengine kwa bahati viwili. Aliye katikati ya jiji la Nairobi, chini ya taa za barabarani, ataona vichache mno. Kimoja kwa dakika ni kingi kwa anayejua anachokitazama. Kwa aliyeahidiwa mvua ni ukame.

Hapa ndipo lugha inapotupotosha. Vyombo vyetu vya habari vimezoea kuliita tukio hili mvua ya vimondo, kwa kutafsiri neno la Kiingereza ambalo kwa hakika hutaja mvua nyepesi ya kupita tu. Mkenya aliyekulia mashambani anajua mvua ni nini. Mvua hulowesha, hujaza mito, humkimbiza mtu hadi barazani. Kiswahili hakina uhaba wa maneno katika jambo hili: tuna rasharasha, tuna manyunyu, tuna mvua yenyewe, tuna gharika. Napendekeza tuitumie akiba hiyo kwa mpangilio wake. Tukio la kawaida la kila mwaka liitwe manyunyu ya vimondo. Neno gharika tuliweke kwa usiku kama ule wa Novemba 1833, vimondo vya Asadi vilipoanguka Amerika ya Kaskazini kwa maelfu kwa maelfu hata baadhi ya watu wakadhani kiyama kimefika, au ule wa Novemba 1966, vilipomiminika tena upande wa magharibi mwa Marekani. Mvua ikae katikati, kwa miaka ile michache ambayo manyunyu huzidi kawaida yake. Kwa mpangilio huo msomaji atajua, kabla ya kuvaa koti na kutoka nje, ni kiasi gani anachopaswa kutarajia.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuchezea istilahi, na kwamba neno likishaenea halirudishwi. Sikubaliani nao. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany alipopendekeza runinga, wengi walicheka. Leo watoto wa shule za msingi huliandika katika insha bila kujua kwamba liliwahi kuwa jipya. Tena mimi siundi neno. Manyunyu lipo, na kila mtu analielewa.

Kuhusu kimondo chenyewe, sioni haja ya kukigawa. Wenzetu wa sayansi hulalamika kwamba Kiingereza kina majina matatu, moja la jiwe likiwa bado angani, la pili la mwanga wake linapoungua, la tatu la jiwe likishatua, ilhali Kiswahili kina moja tu. Naam, kina moja, na halijatudhuru. Kimondo cha Mbozi, lile bonge la chuma linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16 katika mkoa wa Songwe nchini Tanzania, ni kimondo. Mwale wa nusu sekunde juu ya Kajiado nao ni kimondo. Jiwe lililoanguka karibu na Thika mwezi wa Julai 2011 ni kimondo pia. Kitenzi ndicho kinachotofautisha: kimondo kimepita, kimondo kimeanguka, kimondo kimelala pale. Linalohitaji jina ni lile pete la chuma la kilo 500 hivi lililoanguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024. Lile halikuwa kimondo. Lilikuwa taka ya binadamu iliyorudi nyumbani.

Ikumbukwe pia kwamba katika utamaduni wa pwani kimondo, au kimwondo kama wanavyotamka wengine, hakikuwa sehemu ya kundi. Kilikuwa kombora. Imani inayotokana na Kurani, katika Surat al-Mulk na Surat as-Saffat, ni kwamba mashetani wanaojaribu kusikiliza siri za mbinguni hutupiwa mwale wa moto. Kila kimondo kwa hiyo kina mlengwa wake. Si ajabu basi kwamba mashairi ya malumbano ya uchaguzi huko Lamu katika miaka ya 1970, ambayo Assibi Apatewon Amidu aliyachunguza katika kitabu chake cha mwaka 1990, yanajulikana kwa jina hilo hilo la Kimwondo. Mshairi alimlenga mtu. Nadhani kuna hekima katika mtazamo huo ambayo picha za Desemba zimeifuta: kuona kimondo ni kuona kimoja, mahali pamoja, kwa mara moja isiyorudiwa.

Sasa tuingie katika kazi ya kuvipiga picha. Kazi hii ni ya subira kuliko ufundi. Kamera huwekwa juu ya kiweko cha miguu mitatu, ikafungwa lenzi pana, tundu la lenzi likafunguliwa hadi f/2.8 au zaidi, wepesi wa kuhisi mwanga ukawekwa kati ya ISO 1600 na 6400, kisha ikaachwa ipige picha moja baada ya nyingine bila kupumzika, kila moja ikichukua sekunde 10 hadi 25. Hakuna anayekibonyezea kimondo kitufe anapokiona; kidole kikifika, kimondo kimekwisha zamani. Mpigapicha wa vimondo si mwindaji. Ni mvuvi wa dema: hutega, hukaa, asubuhi huenda kuangalia kilichoingia.

Wanaoanza hudhani kwamba picha ya muda mrefu itakipata kimondo vizuri zaidi. La hasha. Nyota imetulia mahali pake, kwa hiyo kila sekunde inayoongezwa huongeza mwanga wake katika picha. Kimondo hakitulii. Mwale wake hukaa juu ya kila nukta ya picha kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, kisha huhamia nukta inayofuata. Ukiiacha kamera wazi kwa dakika nzima, mchirizi hautang'aa zaidi. Anga inayouzunguka ndiyo itakayong'aa, na mchirizi utazama ndani yake. Kinachomkamata kimondo ni upana wa tundu la lenzi na wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Kwa sababu hiyo hiyo vimondo vya Jauza ni vyema kwa kamera kuliko vile vya Asadi, ambavyo hupita kwa kasi ya kilomita 71 kwa sekunde na kumwachia mpigapicha nusu tu ya nafasi hiyo.

Yapo madogo madogo ambayo kila mtu hujifunza kwa usiku mmoja. Lenzi isiachiwe kujilenga yenyewe gizani. Ilengwe kwa mkono juu ya nyota kubwa, Sirius kwa mfano, hadi nyota iwe nukta. Kamera isielekezwe kwenye kitovu chenyewe, kwa kuwa hapo michirizi huwa mifupi. Iangalie pembeni, nyuzi 40 au 60 kutoka hapo. Umande ni adui. Betri za akiba ni lazima. Na mtu asiende peke yake, wala asiende bila kuwaarifu wenyeji.

Mwezi wa Desemba 2023, mwezi mwandamo ukiwa na umri wa siku moja tu, mimi na wenzangu watatu tulitega kamera moja karibu na Ziwa Magadi kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, kila picha ikichukua sekunde 20. Kwa hesabu hiyo kamera hupiga picha 180 kwa saa, na kwa hiyo tulirudi na zaidi ya picha 1,400. Zilizokuwa na kimondo zilikuwa 23. Kati ya hizo, 4 tu ndizo zilizokuwa na kimondo king'avu ambacho mtu angekiona bila kuonyeshwa kwa kidole. Macho yetu, yaliyoweza kuzunguka anga yote, yalikuwa yamehesabu zaidi ya 200. Picha nyingine kadhaa zilikuwa na michirizi ambayo mwenzetu mmoja alifurahia sana kabla hatujaikagua. Setilaiti huacha mstari ulio sawa mwanzo hadi mwisho, unaoendelea katika picha inayofuata na ile ya baada yake. Ndege huacha nukta za taa zinazomweka. Kimondo huwa katika picha moja peke yake. Huanza kikiwa chembamba, hunenepa katikati, kisha huchongoka tena. Kati ya ushahidi wote wa usiku ule, huo wa kuonekana mara moja ndio niliouamini zaidi.

Naomba msomaji azishike hesabu hizi: saa 8, picha 1,400, vimondo 23. Ile picha ya michirizi arobaini inapatikanaje, basi? Inapatikana mezani. Mpigapicha huchambua mavuno ya usiku mzima, wakati mwingine ya siku tatu, huzitoa picha zenye vimondo, huvikata vimondo hivyo kimoja kimoja, na kuvibandika juu ya mandhari moja ambayo huenda aliipiga magharibi, kukiwa bado na mwanga wa kutosha kuuonyesha mlima. Nitaiita picha mseto. Si siri miongoni mwa wapigapicha; hufundishana wazi wazi. Anayebaki gizani ni mtazamaji.

Je, picha mseto ni uongo? Hapa lazima tuwe waangalifu, kwa maana jibu la haraka si jibu sahihi. Ipo picha mseto iliyotengenezwa kwa nidhamu. Kwa kuwa anga huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kimondo cha saa nne na kile cha saa tisa hutokea kamera ikitazama sehemu tofauti za anga. Mtengenezaji mwaminifu huigeuza kila picha hadi nyota zake zilingane na nyota za picha ya msingi, ndipo anabandika. Akifanya hivyo, jambo la kupendeza hujitokeza: michirizi yote huelekea kutawanyika kutoka nukta moja katika Jauza. Chembe hizo kwa hakika huenda sambamba, kama reli za treni, lakini kwa aliyesimama chini huonekana zikitoka mahali pamoja, kama vile reli zinavyoonekana kukutana kwa mbali. Hakuna picha ya sekunde 20 inayoweza kuonyesha ukweli huo. Jicho nalo haliuoni ila kwa kukumbuka na kulinganisha. Picha mseto ya aina hii inasema kweli ambayo picha moja moja haiwezi kuisema, nami ninaitetea bila haya.

Ipo nyingine, ambayo mtengenezaji amebandika vimondo popote palipobaki nafasi. Michirizi inapishana kama vijiti vya kiberiti vilivyomwagika. Hiyo inakosea mara mbili: inadanganya kuhusu wakati na inadanganya kuhusu mahali. Na katika miaka hii ya akili mnemba, ipo ya tatu, isiyohitaji hata kamera, ambayo vimondo vyake havikuwahi kuungua katika anga yoyote. Kwa mtazamaji asiyeambiwa, zote tatu ni sawa. Hapo ndipo ninapouona ubaya wenyewe. Kuunganisha si kosa. Kosa ni kunyamaza.

Najua nitajibiwa kwamba picha ni sanaa, na kwamba mshairi naye hutia chumvi. Hoja hii inapendwa sana na wanafunzi wa fasihi, nami ninaiona kuwa dhaifu. Mshairi anapotumia mubalagha, hadhira yake inajua kuwa hiyo ni mubalagha. Kuna mkataba kati yao uliodumu karne nyingi. Hakuna anayemshtaki malenga kwa kusema kwamba machozi yake yamekuwa bahari. Picha haina mkataba huo. Mtu akionyeshwa picha huichukulia kama shahidi, na huamua mambo kwa kuitegemea: ataamka usiku, atasafiri, atamwamini au hatamwamini mwalimu wa fizikia. Mpigapicha anayetaka uhuru wa mshairi na wakati uo huo akataka kuaminiwa kama shahidi anadai vitu viwili visivyokaa nyumba moja.

Hayo nimeyasema kuhusu wapigapicha, lakini yanatuhusu sisi kwa karibu zaidi. Katika fani yetu tunatengeneza picha mseto kila muhula. Mwanafunzi hutumwa nyanjani kukusanya ngano. Anamsikiliza bibi mmoja kijijini, kisha mzee wa kijiji cha pili, kisha kijana aliyeisikia redioni. Akirudi chuoni anachukua mwanzo mzuri wa bibi, wimbo wa katikati kutoka kwa mzee na mwisho wa kijana, anaviunga, anavinyoosha kwa Kiswahili sanifu, na kuvichapa kwa kichwa "Ngano ya Jamii Fulani". Ngano hiyo haijawahi kutambwa na mtu yeyote. Haina usiku wake, haina hadhira yake, haina mahali ambapo watoto walicheka. Nimeziona kazi za namna hii zikisifiwa kwa ukamilifu wake, na ukamilifu huo ndio hasa ungepaswa kututia shaka. Ngano kamili namna hiyo ni anga yenye vimondo arobaini kwa mpigo mmoja.

Uhariri wa miswada una historia ndefu ya jambo hili. Miswada ya Al-Inkishafi inatofautiana kwa idadi na mpangilio wa beti, na kila mhariri aliyeichapisha alilazimika kuchagua ni ubeti upi autangulize na upi auache. Kuchagua hakuepukiki. Lakini lipo toleo linalomwambia msomaji ni mswada upi uliofuatwa na ni wapi palipotofautiana, na lipo linalompa matini laini, iliyopigwa pasi, kana kwamba ilishuka hivyo. Ninaupenda mfano wa kitabu cha mashairi yanayohusishwa na Fumo Liyongo kilichotolewa mwaka 2004 na Gudrun Miehe pamoja na wenzake, miongoni mwao Abdilatif Abdalla na Nabhany mwenyewe. Pale miswada tofauti imelinganishwa, na msomaji anaweza kuziona tofauti zake kwa macho yake. Kinachosha kukisoma, nakiri. Macho hupanda na kushuka ukurasani kama ya mtu anayehesabu vimondo. Lakini nyota zake zimelinganishwa kabla ya kubandika.

Tena waandishi wetu wa kale walijua adabu hii kutushinda. Mwisho wa miswada mingi ya tenzi mwandishi hutaja jina lake na tarehe aliyomaliza kunakili, wakati mwingine na aliyemwomba anakili. Kwa mistari michache msomaji anajua ni mkono wa nani, na lini. Picha mseto inahitaji tamati ya namna hiyo: mahali, tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, urefu wa kila picha kwa sekunde, na idadi ya picha zilizounganishwa. Ni mstari mmoja. Hauondoi uzuri wa picha hata chembe. Kwangu mimi unauongeza, kwa sababu kujua kwamba mtu alikesha saa nane ili apate michirizi 23 ni sehemu ya kile ninachokistaajabia.

Mstari huo una faida nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Kimondo cha kwanza kabisa kupigwa picha kilipigwa Prague tarehe 27 Novemba 1885 na Ladislaus Weinek. Tarehe 7 Aprili 1959, kimondo king'avu kupita kiasi kilipita juu ya nchi iyo hiyo, iliyoitwa Chekoslovakia wakati huo, na kilinaswa na kamera zilizokuwa katika vituo tofauti. Kwa kulinganisha picha hizo, Zdeněk Ceplecha na wenzake walikokotoa njia yake angani na mahali vipande vyake vilipoangukia, karibu na mji wa Příbram, navyo vikapatikana. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jiwe kuokotwa ardhini huku njia lililofuata kulizunguka jua ikijulikana kwa ushahidi wa picha. Hilo liliwezekana kwa sababu kila picha ilijulikana mahali na wakati wake. Picha mseto isiyo na tamati, hata ikiwa nzuri kiasi gani, haiwezi kuzaa elimu ya aina hiyo. Saa zake zimeshachanganywa. Ndivyo ilivyo pia kwa ngano iliyoungwa: mtafiti wa kesho anayetaka kujua kipengele fulani kilitoka kijiji gani hatapata pa kushika.

Kwa hiyo ninatoa pendekezo kwa chama chetu. Tunazo safari za kila mwaka za kitaaluma. Moja yake na iwe katikati ya Desemba, tukishirikiana na wenzetu wa fizikia ambao kwa kawaida hatukutani nao ila kwenye foleni ya chakula. Kamera moja iwekwe Magadi, nyingine Narok, kilomita 100 hivi baina yao, saa zao zikiwa zimelinganishwa hadi sekunde. Kimondo kikinaswa na zote mbili, wao watakokotoa kimo chake. Sisi, katika saa zile ndefu za kungoja, tutakuwa na wenyeji. Ningependa kujua wafugaji wa Kimaasai wanakiitaje kimondo, na wanasemaje kinapopita, na kama mzee wa Magadi anasema sawa na mzee wa Narok. Kila usimulizi urekodiwe peke yake, kwa jina la msimulizi akiridhia, mahali pake na saa yake, usiungwe na mwingine.

Kuhusu tarehe, mwaka 2024 haukufaa, kwani mwezi mpevu uliangukia tarehe 15 Desemba na kuzifunika nyota zote ndogo. Mwaka 2026 ni mwema: mwezi unaandama tarehe 9 Desemba, na usiku wa tarehe 13 utakuwa umezama kabla kitovu cha Jauza hakijafika juu. Mawingu ya mwisho wa vuli hayatabiriki. Tutabeba mablanketi, chai ya kutosha, na daftari la kuandikia saa.